EJ20 yaadimika: Injini za mbio zawapa mtihani wafanyabiashara wa spea mpakani

Injini ya Subaru ya EJ20, ambayo kwa miaka mingi imekuwa chaguo la kwanza la vijana wanaoshiriki mbio za magari za kujifurahisha katika Afrika Mashariki, inaelekea kuwa bidhaa adimu. Kwa mtu wa kawaida habari hiyo ni ya watu wachache wapendao kelele na vumbi. Kwa mfanyabiashara wa spea wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kisekka jijini Kampala, habari hiyo inagusa mtaji.

Swali linalowakabili wafanyabiashara hao ni moja: je, waendelee kuleta injini nzima za mtumba kutoka Japani na Ghuba, au waweke fedha katika kufufua zile zilizokwisha kuingia? Jibu linategemea kanuni za umri wa magari, bei ya sarafu, ubora wa karakana, na namna mzigo unavyovuka mpaka.

Hamu ya mbio katika kanda hii si ya jana. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, hivyo tangu mwanzo ilikuwa shughuli ya kuvuka mipaka. Mbio hizo zilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, zikarudi Naivasha Juni 2021. Chini ya magari hayo makubwa kuna tabaka la watu wanaojilipia wenyewe: wa mbio za uwanjani, wa kupanda milima, na wa kupimana muda kwenye lami kama Kiamburing TT ya Kiambu. Huyu ndiye mteja wa EJ20. Hana mdhamini, hununua kwa fedha zake, na injini ikifa Jumapili, Jumatatu anahitaji gari hilo hilo kwenda kazini.

Chanzo kinakauka

EJ20 ilianza kutumika kwenye Subaru Legacy mwaka 1989. Ni injini ya silinda 4 zilizolala, mbili kila upande, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,994, kipenyo cha silinda milimita 92 na mwendo wa pistoni milimita 75. Ilidumu miaka 30. Mwaka 2019 kampuni ilitangaza toleo la mwisho la WRX STI lenye injini hiyo kwa soko la Japani, magari 555 tu.

Hata kabla ya hapo mlango ulikuwa umeanza kufungwa. Forester zisizo na turbo zilihamia injini ya FB20 mwaka 2010, na zenye turbo zikapata FA20 mwaka 2012. Maana yake ni kwamba gari la kawaida la familia lenye EJ20, ambalo likigongwa huuzwa vipande vipande, halitengenezwi tena kwa zaidi ya miaka 10.

Hapo ndipo kanuni za umri zinapoingia. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Mwaka 2025 lililokubaliwa ni lile lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2018 au baadaye, na Januari 2026 mstari ukasogea hadi 2019. Kwa kanuni hiyo, Forester ya EJ20 haiwezi kuingia Kenya ikiwa gari zima. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, inakataa gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Tanzania haizuii kwa umri, bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu.

Matokeo yake yanaonekana kwa hesabu rahisi. Magari ya EJ20 yaliyobaki Kenya hayaongezeki, yanapungua. Tanzania bado inaweza kupokea gari la zamani kwa atakayekubali kulipa. Kwa hiyo inatarajiwa kwamba katika miaka ijayo vipande vya EJ20 vitatafutwa zaidi Dar es Salaam na Arusha kuliko Nairobi, kinyume na mazoea ya wengi.

Sarafu nayo ina neno

Bei ya mtumba wa Japani hupimwa kwa yeni, na mnunuzi hulipa kwa shilingi yake. Januari 2024 dola moja iliuzwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya, nayo ilikuwa sawa na takriban yeni 147. Yeni moja basi ilimgharimu Mkenya kama shilingi 1.09. Mwanzoni mwa Julai mwaka huo huo dola ilishuka hadi takriban shilingi 129, wakati yeni ilidhoofika hadi karibu 161 kwa dola. Yeni moja ikawa senti 80.

Injini ile ile, kwa muuzaji yule yule, ilipungua bei kwa zaidi ya robo bila mtu yeyote kubishana. Aliyenunua Januari na aliyenunua Julai walikutana sokoni na bidhaa moja na gharama mbili. Somo hapa ni kwamba anayeweka akiba ya injini nzito anacheza pia na soko la fedha, apende asipende.

Nzima au ya kufufua?

Injini ya mtumba huuzwa bila kuwashwa. Mnunuzi huona chuma, namba na ahadi. Katika injini za turbo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu nyingi ziliendeshwa kwa nguvu na watu wa aina ile ile ya wanaozitafuta sasa.

Tuchukue hesabu ya mfano, si bei ya soko. Injini nzima inunuliwe kwa 100, na usafiri, ushuru na kuitoa bandarini viwe 40. Jumla 140. Mfanyabiashara akileta tano ametumia 700. Moja ikikutwa mbovu akaiuza vipande kwa 30, zinabaki 670 za kugawanya kwa injini nne. Kila injini nzima imemgharimu 167.5, si 140 alizoandika kwenye daftari.

Upande wa pili, anunue injini iliyokufa hapa hapa kwa 30, vipuri vipya viwe 80, kuchonga na ufundi 50. Jumla 160. Katika mfano huu kufufua kunashinda kwa kidogo, na kutazidi kushinda kadiri injini za Japani zinavyozeeka na mbovu kuongezeka. Lakini mbovu zikiwa chache kuliko moja kati ya saba, injini nzima bado ni nafuu. Kwa hiyo asiyeandika idadi ya zilizorudishwa na wateja hawezi kujua yuko upande gani.

Ufufuaji nao una masharti. Kwanza ni kupima kabla ya kufungua: mgandamizo wa kila silinda, kisha kupuliza upepo wa kompresa ndani ya silinda kuona unavujia wapi. Ukisikika kwenye mdomo wa oili, ringi zimechoka. Ukisikika kwenye ekzosi, valvu hazifungi. Mapovu kwenye rejeta yanaonyesha gasketi ya silinda hedi. Pili ni kufungua sampu ya oili. Chembe zinazong'aa humaanisha beringi za konrodi zimeanza kuliwa, na hapo krenki lazima ipimwe kwa maikromita.

Silinda iliyochakaa huchongwa, mara nyingi kutoka milimita 92 hadi 92.5, kwa pistoni za saizi hiyo. Pistoni hununuliwa kwanza, silinda huchongwa baadaye kufuata pistoni. Karakana inayoanza na kuchonga inabahatisha. Pampu ya oili, bomba la kunyonyea oili na taimingi belti hubadilishwa bila mjadala, kwani kwenye kona kali oili hukimbilia upande mmoja, na bomba lenye ufa hunyonya hewa badala ya oili. Beringi huhitaji sekunde chache tu za namna hiyo ili kufa.

Nairobi si Dar es Salaam

Jambo linalosahaulika na wengi wanaouza injini kuvuka mpaka ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Kigali karibu 1,570, Arusha karibu 1,400, Kampala karibu 1,200. Dar es Salaam na Mombasa ziko usawa wa bahari.

Hewa ya Nairobi ina shinikizo la takriban baa 0.82, ya pwani baa 1.01. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000. Kwenye turbo mambo ni tofauti. Fundi wa Nairobi akifunga valvu ya mkono ya kupandisha turbo kwa baa 1, jumla ndani ya injini ni 1.82. Valvu hiyo hiyo ikifika Dar es Salaam jumla inakuwa 2.01, yaani hewa zaidi kwa asilimia 10, tena hewa ya joto. Kama kompyuta ya injini haikupangwa hadi kiwango hicho, petroli haitoshi, injini inaanza kugonga, na pistoni huvunjika pale zinaposhikilia ringi.

Mafuta yanaongeza tatizo. Injini za STI za Japani zilitengenezwa kwa petroli ya oktani 100, inayouzwa vituoni nchini humo. Pampu za kwetu kwa kawaida haziuzi petroli ya kiwango hicho. Kuitumia kompyuta ya injini kama ilivyotoka Japani ni kuikaribisha hasara.

Kwa muuzaji, hili ni suala la dhamana. Injini iliyouzwa Nairobi ikiwa nzima na kufia Tanga baada ya wiki mbili huleta ugomvi usio na hakimu. Njia ya busara ni kuandika kwenye risiti ilipangwa mji gani, kwa petroli gani, na kwamba ikihamishiwa pwani lazima ipangwe upya kabla ya mbio.

Mpakani na barabarani

Vituo vya pamoja vya mpakani kama Namanga, Busia, Mutukula na Holili–Taveta vimepunguza foleni, lakini havijafuta nyaraka. Makosa matatu hujirudia.

La kwanza ni cheti rahisi cha asili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zenye asili ya Afrika Mashariki. Injini ya Japani haibadiliki kuwa ya Kenya kwa kulala Nairobi mwaka mzima.

La pili ni bloku inayopelekwa nchi jirani kuchongwa kisha irudi. Isipotajwa wakati wa kutoka, pamoja na namba yake, ikirudi huonekana kama mzigo mpya. La tatu ni gari la mbio lililobadilishwa injini bila kadi ya usajili kurekebishwa. Namba zisipolingana, dereva atalala mpakani huku wenzake wakikimbia. Aidha, bima ya COMESA Yellow Card hulinda watu wengine barabarani. Asidhani mtu kuwa itamlipia gari aliloligonga mbioni.

Kwa msafirishaji, injini imwagwe oili, maji na petroli kabla ya kupakiwa. Isimamishwe kwenye fremu ya mbao inayobeba bloku, kwa kuwa sampu yake ni bati jembamba lisilohimili uzito. Matundu yote ya turbo na ya kuingizia hewa yazibwe, kwani vumbi la safari moja linatosha kukwangua silinda iliyochongwa jana. Picha ya namba ya injini ipigwe mbele ya mwenye mzigo, upande wa kupakia na wa kupakua. Mbio za mwishoni mwa wiki hazisubiri, hivyo mzigo wa Ijumaa ukichelewa hauna thamani Jumatatu, na nauli iwekwe kwa kuzingatia hilo.

Kwa ujumla, soko la EJ20 halifi kesho. Linahama kutoka mikononi mwa anayefungua kontena kwenda kwa mwenye maikromita, mashine ya kuchongea na daftari la kumbukumbu. Mfanyabiashara mwenye injini tano zilizolala stoo afungue sampu zake wiki hii. Zilizo nzima zitapanda bei. Zilizo mbovu ni malighafi ya fundi, mradi mwenyewe azijue kabla mteja hajazijua.