Gharama ya Kupima Neva na Bei Isiyotamkwa

Fundi cherehani katika mji mdogo wa magharibi mwa Kenya huamka usiku wa manane, vidole vya mkono wa kulia vikiwa vimekufa ganzi. Huukung'uta mkono hadi hisia zirudi, kisha hulala tena. Miezi inapopita, sindano huanza kumponyoka mchana, na hatimaye daktari wa hospitali ya kaunti humwandikia barua ya rufaa ili akapimwe neva jijini Nairobi. Fundi huyu ni wa kubuni, ila wanaofanana naye si haba. Barua aliyopewa imeandikwa kwa Kiingereza, na haisemi lolote kuhusu bei.

Aghalabu mjadala wa gharama za matibabu nchini huishia kwenye bima. Ni haki ujadiliwe hivyo, kwani tangu Oktoba 2024, mfumo wa NHIF uliodumu tangu 1966 ulipofikia kikomo, mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya Bima ya Afya ya Jamii. Asiye na mshahara naye hutozwa kulingana na mapato ya kaya yake, mradi mchango usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Hata hivyo, kabla ya kuulizwa ni nani atakayelipa, lipo swali linalotangulia: mgonjwa analipia kitu gani hasa?

Neva husafirisha ujumbe kwa njia ya umeme, na ujumbe huo una kasi inayopimika. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz aliipima kasi hiyo katika neva ya chura mnamo 1850. Leo mgonjwa hubandikwa vibandiko vyenye nyaya mkononi au mguuni, akapigwa mshtuko mdogo wa umeme, na mashine ikahesabu muda ambao ujumbe umetumia kutoka hapa hadi pale. Katika mkono wa mtu mzima mwenye afya, kasi hiyo kwa kawaida ni mita 50 kwa sekunde au zaidi. Neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, kama inavyoshukiwa kwa fundi wetu, hupitisha ujumbe polepole mahali pale palipobanwa.

Lililo muhimu kwa mfuko wa mgonjwa ni kwamba hakuna kipimo kimoja kiitwacho kupima neva. Kila neva hupimwa peke yake; uwezo wake wa kuhisi hupimwa mbali na uwezo wake wa kuendesha misuli. Mara nyingi huongezwa sindano nyembamba inayochomwa ndani ya msuli ili kusikiliza umeme wake. Hesabu hupanda kwa kila hatua. Hili si jambo gumu kwa fundi cherehani, ambaye mwenyewe hutoza kola, mfuko na bitana kila kimoja kwa bei yake. Tofauti ni kwamba mteja wake huelezwa kabla kitambaa hakijakatwa.

Fundi hulijua hilo akiwa tayari dirishani pa malipo, baada ya kulipa nauli ya usiku kucha na kufunga kibanda chake kwa siku mbili. Huko huambiwa kuwa bei aliyotajiwa kwa simu ilikuwa ya mkono mmoja, kwamba sindano hulipiwa kando, na kwamba ripoti ya daktari bingwa nayo ina ada yake. Hupima alichoweza kukilipia, akarudi nyumbani na jibu la nusu, kwa kuwa mara nyingi mkono unaouma hueleweka vyema unapolinganishwa na mwenzake. Madaktari bingwa wa neva ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Nusu iliyobaki ina maana ya nauli nyingine.

Sheria haijanyamaza. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya 2017, katika sehemu yake ya 8, inaenda mbali zaidi: mhudumu wa afya sharti amweleze mgonjwa manufaa, hatari, gharama na matokeo ya kila njia ya uchunguzi au tiba, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Gharama na lugha zimetajwa katika sehemu moja ya sheria. Ajabu ni kwamba wanaolalamikia gharama ni wanasheria na wachumi, ilhali wataalamu wa lugha, wanaohusika moja kwa moja, hawasikiki.

Nao wana kazi ya kutosha. Neno *mshipa* katika kamusi hubeba neva, njia ya damu na hata ugonjwa wa ngiri. Mgonjwa anayeambiwa akapimwe mishipa anaweza kudhani ni damu yake inayotafutwa. Neno *neva* limekuwamo katika Kiswahili kwa miaka mingi, lakini limefungiwa vitabuni. Asiyeelewa kinachopimwa hawezi kuuliza ni neva ngapi, wala hawezi kuuliza swali lenye thamani kubwa kuliko yote: je, jibu la kipimo hiki litabadilisha tiba? Swali hilo si utovu wa adabu. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi ya kawaida ya nyayo, kwa mfano, mara nyingi hutambuliwa kwa uchunguzi wa mikono ya daktari na vifaa vya bei nafuu, bila mashine yoyote.

Wapo watakaodai kwamba bei haiwezi kutajwa mapema, maadam idadi ya neva hutegemea daktari atakachokikuta. Hoja hii ina ukweli, lakini haitoshi. Nchini Marekani, ambako matibabu ni ghali kupindukia, malipo ya kipimo hiki yamepangwa tangu 2013 kwa makundi ya idadi: kimoja hadi viwili, vitatu hadi vinne, na kuendelea hadi kumi na vitatu au zaidi. Tangu 2022, mgonjwa asiye na bima huko ana haki ya kupewa makadirio ya maandishi anapopangiwa siku ya huduma. Makadirio hayamfungi daktari mikono.

Idara ya Kiswahili ya chuo kikuu chochote inaweza kuandaa karatasi ya ukurasa mmoja: neva ni nini, mshtuko huhisiwaje, ni vipimo vingapi hutarajiwa kwa mkono mmoja na kwa miwili, sindano ni ya nini, ripoti hulipiwa wapi, na nafasi tupu ambamo hospitali itajaza shilingi zake. Ingefaa rasimu ya kwanza isomwe na wagonjwa walio kwenye foleni kabla ya kusomwa na wahadhiri, na kila neno litakalowakwaza lifutwe.