Silaha na Hatari: Uzito wa Kiunganishi

Neno "na" ni dogo, lakini nchini Marekani limebeba uhuru wa raia. Mwaka 1968, katika kesi ya Terry, Mahakama ya Juu iliwaruhusu polisi kumpapasa mtu wanayemshuku, kwa msingi thabiti, kuwa ana silaha na ni hatari. Mwaka 2009 kanuni hiyo ilithibitishwa kwa abiria wa gari lililosimamishwa barabarani.

Hata hivyo, mwaka 2017 mahakama moja ya rufani iliamua, katika kesi ya Robinson, kwamba mwenye silaha, gari likisimamishwa kihalali, ni hatari papo hapo. "Na" likageuzwa "kwa hivyo". Miaka mitano baadaye Mahakama ya Juu ikatambua haki ya raia kubeba bastola hadharani.

Usalama wa askari ni jambo zito. Lakini haki isiyotumika ila kwa kupekuliwa ni haki gani?