Kashfa Mbili Juu ya Mtanzania

Tunashutumiwa kwamba Watanzania hatutalii wala hatusomi. Likizo hii nilipanda boti na wanangu katika mto Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, nikawasomea Adili na Nduguze, riwaya ya Shaaban Robert ya mwaka 1952. Tulipofika kwa ndugu waliogeuzwa manyani, watoto wakaanza kuwakagua nyani wa ukingoni, wakitafuta nani ni nani. Uvivu uko wapi hapo? Kule Kidodi, jirani na Ruaha Mkuu uumiminikiao Rufiji huohuo, mtoto humwona tembo wa Mikumi kupitia dirisha la basi. Kiingilio cha mwananchi ni nafuu. Gari la kuzungukia hifadhini ndilo asiloliweza mkulima wa miwa. Na kitabu cha hadithi atakiazima maktaba ipi? Wanaotushutumu watujibu hilo kwanza.