Soko la Wakulima Liingie Vyuoni Tunguu

Mkulima wa Bungi au Kibele apelekaye bilinganya zake mjini hupita Tunguu, mahali ambapo leo pana vyuo vikuu viwili: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Chuo Kikuu cha Zanzibar. Wanafunzi, walimu na wafanyakazi wa vyuo hivyo wanahitaji mboga na matunda kila siku. Lakini pakacha la mkulima huwapita, likaenda sokoni mjini, likanadiwa na dalali, likaingia mkononi mwa mchuuzi, na mchuuzi akamwuzia mwenziwe. Si ajabu sehemu ya bilinganya zile zile ikarejea Tunguu jioni kwa gari ya abiria, ikiwa imebeba faida ya kila mkono ulioishika njiani. Mwanafunzi hulipa zaidi na mkulima hupata kidogo, ilhali kati yao pana maili chache tu.

Tunapendekeza, kwa hivyo, kwamba wakuu wa vyuo hivyo watenge uwanja na siku moja ya wiki kwa ajili ya soko la wakulima. Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 ikatukuta 1,889,773. Vinywa vimezidi kwa zaidi ya 586,000 katika muda wa miaka kumi, na ardhi haikuongezeka hata pishi moja. Vitunguu na viazi mbatata twavisubiri bandarini kutoka Bara, na hata tungule, ambazo mashamba yetu yanaweza kuzistawisha, nazo huvuka bahari. Mkulima hawezi kuhimizwa kila mwaka azalishe zaidi ikiwa kila mwaka anaziona tungule zake zikimwozea, au zikinunuliwa kwa bei isiyorudisha hata gharama ya mbegu.

Vyuo kushikamana na wakulima kwa njia hii si jambo geni duniani. Huko California, Marekani, mwaka 1976, vijana wa Chuo Kikuu cha Davis pamoja na wakulima wa jirani walianzisha soko katika mji huo, na soko hilo lingalipo. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo ikaweka taratibu za kumruhusu mkulima kumwuzia mlaji moja kwa moja, kwa sharti kwamba anachouza kimetoka shambani kwake. Ofisa wa kilimo humpa hati inayoonyesha amepanda nini, naye huiweka hati hiyo wazi mbele ya wanunuzi. Hatuyataji haya kwa kuwa kila kitokacho Marekani ni cha kuigwa. Vipo vingi visivyofaa. Twayataja kwa sababu sharti lile ndilo lililolihifadhi soko lisigeuke kuwa la wachuuzi.

Sharti kama hilo kwetu ni jepesi zaidi. Sheha anawajua wakulima wa shehia yake, na bwana shamba anajua nani ana bamia na nani ana muhogo. Barua ya sheha iliyothibitishwa na bwana shamba yatosha. Wanafunzi wa kilimo wa Kizimbani wanaweza kupewa kazi ya kuyazuru mashamba hayo, na ziara hizo zikahesabiwa katika masomo yao. Pasipo uangalizi huo, tusishangae kuona meza ya kwanza imejaa matufaha yaliyoshushwa melini.

Adui mkubwa wa soko la chuoni, hata hivyo, si mchuuzi bali ni kalenda. Chuo kina likizo, shamba halina. Machungwa ya Unguja huiva kwa wingi katikati ya mwaka, na si muda mrefu baadaye dakhalia huwa tupu. Mkulima aliyepanda kwa kuutegemea uwanja wa chuo atakuta hapana mtu, naye akishakhasirika mara moja harudi tena. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kuwatangazia wakulima tarehe za mihula mapema, kabla ya kupanda, ili mwenye mchicha, ambao huvunwa kwa muda wa wiki chache, ajipange. Ya pili, nayo ni muhimu zaidi, ni kuwashirikisha wapishi. Mikahawa ya vyuo ikiwekeana mkataba na vikundi vya wakulima, kwa kiasi maalumu cha muhogo, ndizi na mboga kila wiki, mkulima atakuwa na mnunuzi wa uhakika kabla ya mwanafunzi wa kwanza kufika na kikapu chake. Soko linalotegemea wapita njia peke yao hufa mvua ya kwanza ya masika.

Katika kuuza kwa fungu, dhulma hupata pa kujificha. Pawepo mizani iliyokaguliwa, na bei ziandikwe ubaoni. Waliopita chuoni utotoni wanaijua sura inayowaonya wapunjao vipimo. Maganda na majani yarejeshwe mashambani kuwa mbolea, na bidhaa zichukuliwe kwa makapu na mapakacha.

Kwa viongozi wa Serikali tuna ombi moja tu. Wasianze na jengo. Miti ya kivuli, meza za mbao, maji ya kunawia na choo safi vyatosha kwa mwaka wa kwanza. Ushuru nao usubiri mpaka mkulima ajue kama safari yake inamlipa. Na utakapowekwa, uwe kwa meza na si kwa pakacha, maana mwanamama aletaye mapakacha mawili ya majimbi hapaswi kutozwa mlangoni kabla hajauza hata jimbi moja.