Nani Humpima Mwamuzi?

Nishani ya dhahabu ikibandikwa kwenye chupa ya mvinyo, mnunuzi asiyejua lolote kuhusu mvinyo huo huona kwamba ameshauriwa na wajuzi. Katika mashindano ya Maonyesho ya Jimbo la California, Marekani, wajuzi hao huletewa bilauri zenye nambari tu, pasi na jina la mtengenezaji. Wengi wetu tungeridhika kwamba upendeleo umezibiwa mwanya.

Robert Hodgson, mtengenezaji mvinyo aliyepata kuwa mhadhiri wa chuo kikuu, hakuridhika. Mvinyo wake ulikuwa ukitukuzwa katika shindano hili na kupuuzwa katika lile. Kwa idhini ya waandalizi, kuanzia mwaka wa 2005 akafanya jaribio: kati ya bilauri thelathini hivi alizoandaliwa mwamuzi, tatu zilimiminwa kutoka chupa moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2008 yanatahayarisha. Takriban mwamuzi mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyezipa bilauri hizo tatu alama zisizovuka daraja moja la nishani. Wengine, nao wapata asilimia kumi, waliupa mvinyo ule ule shaba hapa na dhahabu pale. Ajabu ni kwamba msimamo wao ulikuwa thabiti zaidi pale mvinyo ulipowachukiza.

Wapo watakaodai kwamba mashindano haya basi yafutiliwe mbali. Siafikiani nao. Ulimi uliokwisha kuonja ukakasi wa mvinyo ishirini si ule ulioonja wa kwanza. Hilo ni umbile, si hila. Kosa ni kumkabidhi mtu nishani agawe bila kumpima yeye mwenyewe. Waandalizi wa California, kwa maoni yangu, walitenda la kiungwana kuruhusu doa lao lianikwe. Ni wangapi kwetu wangethubutu?

Nauliza kwa kuwa sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuko mbali na meza hiyo. Kesho tutaamua mashindano ya mashairi na kusahihisha insha kwa mamia. Jina la mtahiniwa hufichwa kwa nambari, nasi tukadhani haki imetimia. Napendekeza insha moja inakiliwe kwa mwandiko mwingine, irejeshwe kwa msahihishaji yule yule bila yeye kujua, tena baada ya siku kadhaa, maana insha hukumbukwa kuliko mvinyo. Alama zikiachana mno, rundo zima lisomwe upya.