Si Kila Kuvu ni Adui

Mkarafuu na kuvu ni maneno ambayo mwanachama wetu hapendi kuyasikia pamoja. Wazee wetu waliona mikarafuu mizima ikikauka ghafla, majani yangali matawini, na katika miaka ya 1950 mabwana Nutman na Roberts walionyesha kuwa mkosaji ni kuvu aitwaye Valsa eugeniae. Basi si ajabu wengine walicheka waliposikia kuna kuvu wa kununuliwa, tena wa kutiwa shambani kwa makusudi.

Wanachama wanaopanda pilipili hoho katika mianya ya mashamba yao wametuuliza kama chama kinunue unga huo. Swali ni letu kama lilivyo la mkulima wa Mbozi au Tunduma, huko Mkoa wa Songwe uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Udongo mwekundu wenye uchachu huishika fosforasi, mizizi isiipate.

Kuvu hao, mikoriza, jina walilopewa na Mjerumani A. B. Frank mwaka 1885, huingia mizizini na kutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikafika mahali mzizi usipofika. Huleta fosforasi, nao hulipwa sukari. Pilipili hoho huwapokea, mkahawa wa Mbozi huwapokea, na mkarafuu pia. Kabichi haiwapokei kabisa.

Sisi twasema chama kisinunue kwanza. Kuvu hao wamo ardhini tayari, na sisi ndio tunaowapunguza. Mtu alima mara tatu, achoma majani, aacha ardhi tupu kiangazi chote, kisha amimina mbolea ya fosforasi. Na mmea ulioshiba fosforasi hauwalishi wapangaji wake. Halafu apanda kabichi juu ya kabichi! Huyo akinunua unga ametupa fedha baharini. Tena unga wenyewe una uhai, nao ukikaa ghalani penye joto hufa.

Lakini hatuwi wabishi. Vuli ijayo kitalu kimoja kigawanywe mafungu matatu: moja litiwe unga penye mizizi wakati wa kuatika, la pili lisitiwe kitu, la tatu lipate udongo wa chini ya kunde zilizostawi (usichotwe penye nyanya au bilingani zilizonyauka). Maji sawa, samadi sawa. Mavuno yapimwe kwa mizani, si kwa macho ya muuzaji, na kamati iyalete mkutanoni kabla senti moja haijatoka.