Heathcliff Alisajiliwa Wapi?

Wasee, kabla mniambie nimeanza kuringa na vitabu vya Waingereza, nisikizeni kidogo. Chuo niliacha, lakini Wuthering Heights haijaniacha.

Ni riwaya ya Emily Brontë, 1847. Yeye na dada zake, Charlotte na Anne, waliishi Haworth, mahali pa baridi na upepo, wakaandika kwa jina bandia la Bell kwa sababu mwanamke mwandishi alikuwa anadharauliwa. Mpaka leo filamu zinatoka kwa hiyo nyumba. 2022 ilikuwa Emily. Februari 2026 ikaja Wuthering Heights ya Emerald Fennell, Margot Robbie akiwa Catherine na Jacob Elordi akiwa Heathcliff.

Shida yangu ni huyo Heathcliff. Kwa kitabu, mzee Earnshaw anamwokota mtoto barabarani Liverpool, bandari iliyotajirika na biashara ya watumwa. Ngozi yake si kama yao. Anaongea lugha ambayo hakuna mtu anaielewa. Anapewa jina la mtoto wa familia aliyekufa. Sasa ukimpa Mwaustralia mweupe hiyo nafasi, mapenzi yanabaki, lakini sababu ya kuchukiwa inapotea.

Nilimsimulia hii hadithi beste yangu wa Kakuma tukinywa chai. Akauliza, "Huyo kijana alisajiliwa wapi?" Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Kambi ilianza 1992, na kati ya wa kwanza kufika walikuwa vijana wa Sudan waliotembea bila wazazi. Kwake Heathcliff si mambo ya zamani.

Na kitu napenda zaidi: Heathcliff si mzuri! Anakua mkatili, hata mtoto wake mwenyewe anamtesa. Filamu nyingi za wakimbizi zinataka mkimbizi mpole, anayeshukuru kila dakika. Emily alimwachia huyu hasira yake yote.

Wengine walishaona. Andrea Arnold, 2011, aliweka waigizaji weusi. Jean Rhys wa Dominica alimchukua yule mke aliyefungiwa juu kwa Jane Eyre ya Charlotte, akampa kitabu chake mwenyewe, 1966. Maryse Condé akahamisha Wuthering Heights hadi Guadeloupe, 1995. Caryl Phillips, 2015, akampa Heathcliff mama aliyekuwa mtumwa. Hakuna aliyengoja ruhusa Haworth.

Basi sisi je? Upepo tunao, vumbi ndio usiseme. Mzee wa Kiturkana anatoka Kakuma sokoni, anarudi Lodwar na kijana badala ya unga. Mwanawe anamchukia palepale. Binti anamfundisha kuchunga mbuzi kando ya Turkwel. Miaka inapita, binti anaolewa na mwenye lori.

Nimeshaandika kurasa kumi na moja. Simu ya kushutia ninayo. Natafuta Catherine anayejua mbuzi, na Heathcliff ambaye hataniomba nimfanye mpole. Inboksi iko wazi.